Zamu ya Lalla Zhor

"Khurshuf haina miguu, Ba Hsain! Niambie imekwenda wapi!"

"Lalla Zhor, wallahi vikapu vya mboga vilivyoshuka kwenye gari ndivyo hivi vilivyokaa chini ya ngazi. Sikugusa hata jani."

"Hukugusa? Na hizi tanipu nane? Si Bouazza wa shambani ananiapia kwenye simu kwamba alitia nne kila kikapu. Au zimezaana humu ndani?"

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, na jengo letu zima lilikuwa limemwagika ngazini. Mjini kwetu Salé ukitaka watu usipige ngoma, gombana tu na mlinzi wa mlango. Lalla Zhor, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mjane mwenye sauti ya kuita meli, alisimama na kikapu chake kiunoni. Ba Hsain, mzee wetu wa mlangoni, alisimama mbele yake na ule ufunguo wa stoo ya chini ya ngazi, akiugeuzageuza kama tasbihi. Nami nilikuwa kipandio cha nne, mikono nimeificha ndani ya aproni.

Anayenijua mimi Turia anajua kwamba siongei bila mikono. Mlango wangu haufungwi, birika langu halipoi, na habari ya mtaa huu isipopita jikoni kwangu haijawa habari. Siku hiyo mikono ilikuwa imefungwa aproni, lakini mdomo, Mungu anisamehe, haukufungwa.

"Ba Hsain," nikasema kwa sauti ya mzaha, "kwani uongo? Mlinzi wa chungu hakosi kuonja."

Watu wakacheka. Kile kicheko bado ninacho masikioni. Ba Hsain hakucheka. Alinitazama, kitambo kirefu, bila hasira. Mimi nikasema moyoni, macho ya uzee hayo, hayaoni mbali.

Si Maati, yaani Bwana Maati, msimamizi wa jengo, akakata shauri pale pale: "Kesho baada ya swala nauchukua ufunguo. Halafu tutazungumza kama jengo hili lina haja ya mlinzi mwingine."

Chumba cha mlangoni alimokuwa akiishi Ba Hsain na mkewe Izza kilifuatana na kazi. Ukichukuliwa ufunguo, na kitanda kinatoka. Kila mtu pale ngazini alilijua hilo, nami nikiwemo.

Sasa nieleze, maana nimeanza na moshi kabla ya moto.

Nyumba sita katika jengo letu tunachukua kikapu cha wiki kutoka shamba dogo la Si Bouazza, njia ya Bouknadel. Huchagui. Ardhi ikitoa boga, unakula boga. Ikitoa tanipu wiki tano mfululizo, unakula tanipu na unamshukuru Mungu. Anavileta Alhamisi asubuhi ili Ijumaa kila nyumba iwe na mboga za kuskusi, chakula chetu cha ngano cha siku hiyo. Majira yale ya baridi mvua ya mawe ilipiga shamba, na khurshuf, yale mabua marefu ya kijivu yenye miiba ambayo sisi tunayapenda kuliko nyama yenyewe, ikapona mistari miwili tu. Si Bouazza akasema: basi itakwenda kwa zamu, kikapu kimoja kila wiki. Zamu yangu ilikuwa imekwisha pita. Niliila na nikalamba sahani. Wiki ile ilikuwa zamu ya Lalla Zhor, aliyengoja mpaka mwisho, na mwanawe Driss alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Dakhla. Mwaka mzima hajamwona mama yake, na alichoomba ni khurshuf tu.

Ila Alhamisi hiyo hiyo nami nilikuwa na wageni. Watu wa Kenitra walikuwa wanakuja kumtazama binti yangu Ghizlan. Nilikuwa nimejitapa kwa mama wa kijana kwenye simu: "Utakula nyama ya chungu, tajini ya khurshuf ya shambani, dada, si hii ya sokoni iliyolala siku tatu ikawa chungu." Nilisahau kabisa habari ya zamu, mdomo wangu ukishika njia hautazami vibao. Saa nne asubuhi nikateremka, Ba Hsain kaenda kununua mkate, stoo kaiacha wazi kama kawaida yake. Katika kikapu changu kulikuwa na tanipu, karoti, kabichi na kifungu cha kotmiri. Katika kikapu cha Zhor, khurshuf imelala juu, mbichi, bado ina umande.

Sikufikiri. Au nilifikiri, lakini haraka haraka, kama mtu anayeruka mfereji. Nikachukua khurshuf, nikaweka tanipu zangu nne mahali pake ili kikapu kisionekane kimepungua. Nikapanda ngazi mbio na mzigo ndani ya jilbabu, miiba ikinichoma ubavu.

Mwanamke yeyote wa kwetu anajua khurshuf haimenywi mikono mitupu. Utomvu wake unashika vidole, unaanza kahawia, unaishia weusi wa mkaa, na hautoki wiki nzima. Unapaka limau kwanza, au unavaa mifuko. Mimi nina miaka hamsini na mbili, nimeimenya khurshuf tangu sijavunja ungo. Na siku hiyo, kwa haraka ya wezi, nikasahau. Wageni walikula, wakasifu, wakafuta sahani kwa mkate. Mama wa kijana alisema tu, "Mungu alete kheri," akaondoka bila kusema ndiyo wala siyo. Ndipo nilipokaa, nikatazama mikono yangu, nikaona ncha za vidole vyote kumi zimeshuhudia.

Nilisugua kwa limau. Nikasugua kwa unga, kwa chumvi, kwa dawa ya kufulia mpaka ngozi ikawaka. Ndipo nikasikia sauti ya Zhor kule chini, nikafunga aproni, nikateremka kuchangia. Hakuna aliyeniita. Ningeweza kukaa ndani. Lakini ugomvi upigwe kwangu nisiwepo? Watu wangeuliza Turia yuko wapi.

Niliporudi nikapata akili ambayo niliiona kubwa: hina. Nikakoroga bakuli, nikapaka viganja na vidole, nikafunga vitambaa, nikalala nayo. Asubuhi viganja vilikuwa vyekundu kama vya bibi harusi, na ncha za vidole nyeusi zaidi ya jana.

Ijumaa asubuhi nikatoka na ubao wa mkate kupeleka tanuri la mtaa. Ubao haubebwi na mikono iliyofichwa. Zhor alikuwa mlangoni kwake.

"Turia! Hina?" Akasogea. "Hina ya nini? Usiniambie! Watu wa Kenitra?"

Palikuwa na nafasi, ndogo, ya kuvuta pumzi moja. Ningesema, Zhor, ni mimi. Badala yake nikatabasamu kidogo na kuinamisha macho.

Basi Zhor, aliyelala na kinyongo cha khurshuf yake, aliyapandisha mabega akapiga kigelegele kilichoteremka ngazi zote na kutoka barabarani. Ghorofa ya pili ikajibu, ya kwanza ikajibu. Akanikumbatia na ubao wangu wa mkate. "Jana nimekasirika bure mlangoni, nyumbani kwako kuna furaha! Driss akija tutakuja sote kukupongeza. Sina khurshuf ya kukuletea, lakini moyo ninao."

Nilipofika tanurini habari ilikuwa imenitangulia. Mchoma mkate akanipongeza. Niliporudi, Ghizlan alikuwa kasimama katikati ya jikoni, simu mkononi, macho yamevimba.

"Mama, watu wananipongeza! Wale hawajapiga hata simu! Wakisikia Kenitra kwamba tumeshapaka hina, nitauficha wapi uso huu? Umewaambia nini?"

"Sikusema kitu."

"Wewe? Hukusema kitu?" Binti yangu alicheka kicheko kibaya. Kisha akatazama vidole vyangu, akatazama chungu cha tajini ya jana kilichokuwa bado kinaloweka kwenye sinki. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Karibu na adhana ya swala ya Ijumaa mlango ukagongwa. Alikuwa Izza, mke wa Ba Hsain, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, na mkononi ameshika donge la sukari la kupongezea, lile refu lenye ncha, katika karatasi yake ya buluu.

"Mabruk, Lalla Turia. Usituone vibaya kwa kuchelewa, tumeshikwa na mambo. Nikasema nilete leo leo. Wiki ijayo huenda hatupo."

Akanishika mkono ili anibusu. Macho yake yakateremka kwenye vidole, yakakaa hapo kidogo, yakapanda. Akaniwekea sukari mikononi na kuteremka, kandambili zake zikipiga ngazi moja moja.

Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kuanguka sokoni, jilbabu ikapanda juu. Hayo si kitu. Aibu hasa ni kushika sukari ya mtu ambaye jana uliwachekesha watu juu ya mumewe, anayesubiri kutolewa kitanda leo, naye amekununulia akijua Mungu ndiye ajuaye chakula chake cha kesho.

Swala ilipokwisha nikasikia sauti ya Si Maati mlangoni. Nikateremka. Sikuvaa aproni. Donge la sukari nililibeba mbele yangu kwa mikono miwili, na vidole vyote vikaonekana. Si Maati alikuwa amenyoosha kiganja, Ba Hsain anautoa ufunguo kwenye kamba yake, na Zhor kasimama kando, uso umelainika, nadhani alikuwa ameanza kumhurumia.

"Si Maati, mrudishie," nikasema. "Khurshuf nimeichukua mimi."

Hakuna aliyeelewa. Nikasema tena, nikaonyesha mikono. "Mimi. Jana saa nne. Nikamwekea Zhor tanipu zangu. Hina ni ya kuficha."

Si Maati alikohoa. Akaurudisha ufunguo mkononi mwa Ba Hsain, hata pole hakusema, akatazama saa na kwenda kwake, kuskusi yake inamngoja. Watu wa aina hiyo huwa na haraka wakati wa kuhukumu na haraka zaidi wakati wa kukosea.

Zhor hakuwa na haraka.

"Na Ghizlan?"

"Hakuna uchumba."

"Turia." Aliniita kwa sauti ndogo, yeye ambaye hana sauti ndogo. "Mlango wangu na wako kuna hatua ngapi? Ungegonga. Ungesema, Zhor, nina wageni wa binti, nimejitapa, niokoe. Ningekupa. Nusu ningekupa, na Driss angekula nusu." Akapandisha kitambaa chake begani. "Mwanamke wewe, hata kigelegele changu umeniibia."

Akapanda ngazi. Nikangoja ageuke anitukane. Hakugeuka.

Nikabaki na Ba Hsain. Alikuwa anafunga ufunguo kwenye kamba tena, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Ba Hsain, nisamehe. Lile neno la jana, mbele ya watu…"

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Takataka zenu anazitoa nani? Jana mchana nimebeba ndoo yako. Imejaa miiba na maganda ya khurshuf, imenichoma mpaka damu." Akanionyesha kidole gumba, kina alama.

"Basi mbona hukusema? Pale pale ngazini, nilipokuwa nacheka!"

"Ulikuwa na wageni wa binti. Nikasema, waondoke kwanza, atasema mwenyewe. Walipoondoka ukaja ukatia mzaha. Nikasema, asubuhi atasema." Akautia ufunguo mfukoni. "Asubuhi nikasikia vigelegele."

Ningependa ardhi ifunguke, lakini mlangoni kwetu ni saruji. Nikamgeukia Izza, aliyekuwa kwenye kizingiti cha chumba chao na mwiko mkononi, nikamnyooshea ile sukari. Hakuipokea.

"Sukari hairudi ilikotoka. Iweke, atachumbiwa kweli siku moja. Wala usidhani nimekusamehe, Lalla Turia. Bado. Ukinikuta nimenuna wiki nzima, usiulize."

"Sitauliza."

"Wewe usiulize? Tutaona."

Nyuma yake mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye sinia la kuskusi mezani, na juu ya kuskusi, zimepangwa duara, tanipu. Zhor alizitupa zile nane pale mlangoni jana kwa hasira, akasema kuleni na tanipu zenu. Birika la kunawia na beseni vilikuwa vimeshawekwa. Vijiko havikuwepo, kwao wanakula kwa mkono, kama walivyokuwa wakila wazazi wetu. Nikaficha vidole nyuma ya sukari, nikarudi hatua moja kuelekea ngazini.

"Unakwenda wapi?" Izza akasema. "Ni Ijumaa, na umesimama mlangoni kwa mtu wakati wa kuskusi. Unataka majirani waseme nini tena? Ba Hsain, mmiminie maji." Akasogea kando kuniachia njia. "Vua viatu. Na hizo tanipu nusu yake ni zako. Ingia ule."