Wimbo wa Lobwilej

Mwamba wa Lobwilej hauna hata mnazi mmoja, lakini tukiukosa hatuna pa kuvua. Jirani zetu wa magharibi waliudai, kesi ikafika kwa majaji wa kimataifa, na majaji wakasema leteni ushahidi kwamba babu zenu waliujua. Haya, babu zetu hawakuandika. Walituachia wimbo wa njia ya kufika mwambani, na mwenye wimbo ni Neirik, mdogo wake mama, nami ndimi mrithi wake. Kwetu wimbo huo hupewa mrithi peke yake. Mgeni akiuomba huimbiwa uliogeuzwa, asije akaiba njia.

Majaji waliketi katika ukumbi wa kanisa letu, vinasa sauti mezani. Mama mdogo akasimama kuimba, mimi nikitafsiri.

"Toka kisiwani asubuhi, jua likupige mgongoni..."

Nikatafsiri kabla sijawaza. Nilikuwa sijafundishwa wimbo, lakini hata mtoto anajua Lobwilej uko mashariki.

"Yaani uko magharibi?" akauliza wakili wa jirani zetu, akitabasamu. "Kwetu?"

Nilimwinamia mama mdogo. "Mama, umewageuzia."

"Ulitaka niwaimbieje? Hawa nimewazaa mimi?"

"Mwamba unatutoka, mama. Nakuomba."

"Nikiwapa wa kweli, wewe nitakurithisha nini? Maganda ya shelisheli?"

"Nirithishe samaki."

Alinitazama kwa hasira, nadhani dakika ile alinichukia. Kisha akaimba upya, jua likimpiga msafiri usoni, akapita mikondo, ndege, na majina ya waliozama, mpaka mwisho. Sijapata kusikia kitu kizuri kama kile. Nilitafsiri huku nalia.

Jaji mkuu alikuwa mpole, na upole wake nauchukia mpaka leo. "Shahidi mmoja ametupa nyimbo mbili zinazopingana," alisema. "Ni fasihi nzuri sana. Lakini hatuwezi kuchora mpaka baharini kwa fasihi."

Tukashindwa.

Nje ya kanisa nilimshika mama mdogo mkono. Nilimwomba anifundishe ule wa kweli, polepole, tukiwa wawili, angalau nibaki na hicho.

"Nikufundishe nini?" alisema, akautoa mkono wake. "Wimbo si wangu tena. Nenda kawaombe wale wenye mashine."