Mkono wa Seneta Pruitt

Jumatatu asubuhi, zamu ya usiku ilipokuwa ikitoka mgodini, Seneta Clyde Pruitt alisimama langoni kupeana mikono na wachimbaji, kama wafanyavyo wagombea wote wa West Virginia. Alipofika kwa Opal Dingess, mjane aliyeuza kahawa pale, mkono wake wa kulia ulichomoka kwenye kifundo, ukabaki umemshika mama huyo.

"Samahani, mama," seneta alisema. "Mkono umechoka. Haujapumzika tangu nirudi vitani."

"Hilo lako. Mimi nakuuliza lile bwawa la tope la makaa juu ya nyumba zetu. Linavuja! Kila uchaguzi unaniahidi mkaguzi."

"Anakuja, mama."

Mkono ukambinya Opal vidole, kumhakikishia. Kisha ukaendelea na foleni bila mwenyewe.

Tangu hapo ulifanya kampeni peke yake. Ulihudhuria chakula cha kanisani, maharage na mkate wa mahindi, ukapapasa vichanga. Pruitt naye alizunguka akihutubia habari za kodi, watu wakipiga miayo.

"Angalau huu hautuchoshi na maneno," alisema Estel, jirani yake Opal, na siku ya kura akaandika jina la mkono kwenye karatasi ya kura, penye nafasi ya mgombea asiyeorodheshwa. Wengi waliandika hivyohivyo, na mkono ukashinda kwa mbali. Kwa kuwa katiba inataka seneta awe na miaka isiyopungua thelathini, na mkono ulilingana umri na Pruitt, hakuna aliyeweka pingamizi. Kuuinua kwa ajili ya kiapo hakukuwa na tabu.

Chama hakikumwacha Pruitt ataabike. Kilimfanya balozi katika ufalme fulani wa visiwani, kama ilivyo ada kwa walioshindwa. Huko, kwa kuwa hakuwa na cha kushikia watu, hakuahidi kitu, wakampenda mno.

Opal alipanda basi hadi Washington, kwenye ofisi ya mkono. Katibu alimpigia chapa amri ya ukaguzi, na Opal akaupachika mkono kalamu vidoleni.

"Tia sahihi. Tuna watoto kule chini."

"Usijisumbue, Bi Dingess," katibu alisema. "Mkono haujazoea kalamu."

Mkono uliilaza kalamu taratibu, ukamshika. Hakuna aliyewahi kumshika vile tangu mumewe afie mgodini. Opal alilia, na akajichukia kwa kufarijika.

Majira ya kuchipua yalipofika, bwawa lilipasuka, tope likazoa nyumba za bonde zima, ya Opal na ya Estel, na Estel mwenyewe. Mkono ulifika kabla ya waokoaji. Manusura wakajipanga foleni mbele ya kanisa kuushika, wamejifunika mablanketi.

Opal alikuwa ameapa kwamba ukimfikia hataugusa. Ulipomfikia, ukasubiri. Baridi ilikuwa kali, nao ulikuwa na joto. Akaupa mkono wake, na foleni ikasogea.