Kadi za Bi Taratibu

Mkunga huyu alikuwa na jina la kuzaliwa kama watu wengine, ila hakuna aliyelikumbuka. Kwa miaka thelathini na moja aliwaambia wanawake waliokuwa wakipiga kelele wodini, "Taratibu, mwanangu, taratibu," mpaka mji mzima ukamwita Bi Taratibu. Alipostaafu hakuweza kukaa kitako. Wiki ya pili tu alikuwa keshajiunga na shirika dogo la kuwasaidia wazazi wapya. Shirika lenyewe lilikuwa na ukumbi mmoja, viti vya plastiki vya buluu, mzani wa watoto, birika la umeme, na paa lililovuja mahali pamoja tu, juu kabisa ya kiti cha Katibu.

Kila Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa mama na vichanga vyao. Kila aliyefika mara ya kwanza alipewa mfuko wa kitambaa wenye nepi, kofia, kipande cha sabuni isiyo na harufu na pedi nene za uzazi. Ndani ya kila mfuko kulikuwa na kadi, imeandikwa kwa mkono wa Bi Taratibu mwenyewe, herufi kubwa zilizolala upande: "Kila kilichomo humu nimekikagua mimi. Tumia bila wasiwasi." Chini yake, saini. Mama waliiamini kadi ile kuliko walivyowaamini waume zao, nami siwalaumu, maana kadi haikuwahi kusema iko njiani wakati ndiyo kwanza inatoka ofisini.

Sasa kuna jambo moja la kukiri, na afadhali niliseme mapema. Kadi zile ziliandikwa kabla. Mkono wa Bi Taratibu ulikuwa umeanza kuchoka, kwa hiyo alikuwa akikaa mbele ya televisheni na kuandika arobaini kwa mkupuo, kisha anazihifadhi ofisini kwenye kopo la biskuti. Kwa miaka mitano hilo halikumdhuru mtu. Mfuko ulikuwa ni uleule, vitu ni vilevile, na yeye ndiye aliyevipanga.

Ndipo mkwe wake akajifungua mtoto wa kiume.

Bi Taratibu alisherehekea kana kwamba hajawahi kuona mtoto, yeye aliyepokea maelfu. Akaomba ruhusa ya wiki tatu, akahamia kwa mwanawe, akashika jiko, akashika beseni, akashika mjukuu na hakutaka kumwachia mtu. Mjukuu alikuwa na mashavu mazito na uso wa mtu aliyeudhiwa, wakambandika jina la Mzee. Mkwe alifanya kazi ya ukaguzi katika kiwanda cha mashati. Siku nzima alikuwa akigeuza kola na kuhesabu vifungo, na uzi uliolegea hakuukosa hata kwa bahati mbaya. Lakini mbele ya mama mkwe wake alikuwa mpole wa kupindukia. Ukimpa chai yenye chumvi atakunywa, atasema asante mama.

Siku ya tano Katibu wa shirika alituma mfuko wa zawadi, pamoja na salamu. Bi Taratibu aliupokea mlangoni akautundika kwenye msumari wa bafuni. Hakuufungua. Mfuko wake mwenyewe, aukague wa nini?

Baada ya wiki alianza kusikia harufu ya waridi bafuni. Akatania, "Mwanangu, unajipulizia marashi ya nani? Huyu bwana mdogo hapa anataka ziwa tu." Mkwe akatabasamu na kuinamisha macho. Kesho yake akaketi ukingoni mwa kiti. Keshokutwa akanyonyesha amesimama, ameegemea kabati. Mtu mwingine angedhani ni uchovu. Bi Taratibu alikuwa amewatazama wanawake wakiketi na kuinuka kwa miaka thelathini na moja, na mwendo ule aliujua.

Akafunga mlango wa chumba, akaketi kitandani.

"Haya, sema. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Sasa unaficha nini?"

Mkwe akaanza kulia. Akaenda bafuni akarudi na chupa ya rangi ya waridi, ndogo, yenye shingo nyembamba.

"Inawaka, mama. Tangu siku ya kwanza. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

"Umeitoa wapi hii?"

"Mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wako."

Bi Taratibu akavaa miwani. Chupa ilisema ni maji ya usafi wa ndani kwa mama mpya, na chini yake, kwa herufi za dhahabu: Rudisha Harufu ya Ujana. Akasoma mara tatu, kila mara akitumaini ameisoma vibaya.

"Wiki nzima unaungua, na mimi mkunga niko jikoni hapo! Kwa nini hukuniambia?"

Mkwe akafungua droo akatoa kadi, akamwekea mapajani. Kila kilichomo humu nimekikagua mimi. Tumia bila wasiwasi.

"Ningekuambiaje," akasema kwa sauti ndogo, "na wewe ndiye uliyeandika?"

Bi Taratibu alimkumbatia mkwe wake na Mzee katikati yao, akahisi aibu ambayo hakuwahi kuihisi tangu aanze kazi. Jioni hiyo alimchemshia maji tu, maji matupu, akayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Asubuhi walikwenda kliniki. Muuguzi akasema ngozi imechubuka kwa dawa ile, waiache kabisa, itapona yenyewe kwa siku chache. Bi Taratibu alijua hivyo, lakini alitaka mkwe asikie kwa mtu mwingine, maana neno lake mwenyewe siku hiyo aliliona halina uzito.

Ilikuwa Alhamisi. Akatia chupa kwenye mkoba, akaenda ukumbini moja kwa moja.

Alikuta bango jipya limetanda ukuta mzima: MAMA MPYA, HARUFU MPYA. Mezani palikuwa na keki, na pembeni mpiga picha akipima mwanga. Kijana mmoja nadhifu, tai imembana mpaka uso umeiva, alikuwa akiwapa mama mkono mmoja mmoja. Huyo alikuwa Bwana Mauzo wa kampuni. Katibu alipomwona Bi Taratibu akamkimbilia. Katibu alikuwa mtu mwema; kasoro yake ni moja, akiona fursa haulizi inaelekea wapi.

"Bi Taratibu! Umekuja wakati mzuri! Kampuni itatutengenezea paa! Wanachotaka ni bidhaa yao iingie kwenye mfuko, basi."

"Na kadi yangu ikaingiaje?"

"Kadi si zilikuwa kwenye kopo?"

Bi Taratibu akatoa chupa, akamweleza yote. Katibu akashika kifua, na kwa kweli alisikitika. Lakini mpiga picha alikuwa anaita, keki inangoja, na ndoo chini ya paa ilikuwa imejaa nusu.

"Tafadhali," akamnong'oneza, "tuvuke leo tu. Wiki ijayo tutaziondoa kimyakimya. Ukisimama sasa ukasema hukukagua, nani atakuamini tena? Kadi zako zote zitakuwa za uongo."

Maneno hayo yalimgonga penyewe, kwa kuwa hicho ndicho alichokiogopa tangu jana. Pensheni alikuwa nayo, nyumba alikuwa nayo. Kitu pekee alichokuwa akikipeleka pale kila Alhamisi ni neno lake, na wale mama walilichukua nyumbani wakaliweka droo moja na vyeti vya watoto wao. Akawatazama. Walikuwa kama ishirini hivi, wengine wakiwa na chupa ya waridi imechungulia mfukoni. Akahesabu walioketi ukingoni mwa viti. Walikuwa saba.

Akapiga moyo konde, akaenda mbele, akasimama chini ya bango.

"Wanangu, nisikilizeni. Kadi ni yangu. Mwandiko ni wangu. Lakini hii chupa sikuikagua. Kadi nilikuwa nimeziandika kabla, nikiangalia tamthilia. Mkwe wangu ameitumia kwa sababu ya neno langu, ameungua wiki nzima. Msiitumie. Nisameheni."

Mtoto mmoja akapiga chafya.

"Kumbe!" akasema mama mmoja wa nyuma, aliyekuwa na pacha, mmoja begani na mmoja mapajani. "Mimi nilidhani inawaka kwa kuwa naweka kidogo. Nikaongeza!"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa na lake. Mwingine alisema mumewe amemaliza yote kwa kuoshea gari. Wa tatu akasimama kabisa ili asikike vizuri: "Mimi niliiogopa nikasugulia sinki. Haki ya Mungu, sinki limerudishiwa ujana!" Wakacheka mpaka watoto waliolala wakaamka, nao wakalia, na mama wakawanyonyesha huku bado wanacheka. Wale saba walicheka kwa uangalifu.

Bwana Mauzo alinyoosha mikono. "Mama zangu, mama zangu! Tusisahau usafi ni muhimu."

"Ni muhimu sana, mwanangu," akasema Bi Taratibu, "ndiyo maana Mungu akaumba maji. Aliyejifungua anatoka damu, na damu ina harufu ya damu. Huyo hanuki, anapona. Ikibadilika ikawa mbaya, hiyo ni dalili, akimbilie kliniki siku hiyohiyo. Ninyi mnataka aifunike kwa waridi? Kuja kumwambia mtu aliyeshonwa juzi kwamba ananuka ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hebu niambie, una mke?"

"Ninaye."

"Amezaa?"

"Miezi mitatu sasa."

"Anatumia hii?"

Bwana Mauzo akalegeza tai. Akatazama bango, akatazama keki, mwishowe akatazama viatu vyake.

"Alikataa," akasema.

Hapo watu walivunjika mbavu. Mpiga picha alilazimika kuweka kamera chini. Bwana Mauzo naye, masikini, akaanza kucheka, na alipocheka alionekana kijana wa kawaida tu ambaye hajalala vizuri kwa miezi mitatu.

"Sasa wewe," yule mama wa pacha akamuuliza Bwana Mauzo, "si ndio mnaotengeneza pia zile pedi nene zisizo na harufu? Zile nilizimaliza siku nne. Mbona hamtuletei zile?"

"Zile hazitangazwi, mama. Zinakwisha zenyewe dukani."

"Chema chajiuza," akasema Bi Taratibu.

"Kibaya chajitembeza!" wakamalizia wote kwa pamoja.

Katibu alikuwa amesimama kando ya ndoo. Akalitazama paa kwa muda mrefu. Kisha akachukua boksi tupu, akapita kiti hadi kiti akikusanya chupa na kumwomba radhi kila mama. Boksi lilipojaa akamkabidhi Bwana Mauzo, isipokuwa chupa moja aliyoipeleka chooni, na ni haki kusema kwamba choo kile hakijawahi kung'aa vile. Keki waliila yote.

Usiku Bi Taratibu hakulala vizuri. Alikuwa na hakika kwamba Alhamisi ijayo atakuta viti vitupu, na Alhamisi ijayo ilipofika alifungua mlango akiwa amejiandaa kwa hilo. Akakuta mama wanamngoja kibarazani, wengi kuliko wiki iliyopita, kwani habari ya sinki ilikuwa imezunguka mji. Kando ya mlango palikuwa na maboksi manne ya pedi nene. Hayakuwa na bango, yalikuwa na kikaratasi tu: "Mke wangu anasalimu."

Kopo la biskuti sasa lilikuwa tupu. Bi Taratibu alikuwa ameazimia kuandika kadi papo hapo, mbele ya mwenyewe, baada ya kutoa vitu vyote na kuvirudisha kimoja kimoja. Ilichukua muda, lakini hakuna aliyelalamika. Alikuwa ameshamaliza mifuko sita pale mkwe wake alipoingia na Mzee mgongoni, anatembea vizuri, akaketi kwenye kiti. Alikalia kiti kizima.

"Mfuko wako wa kweli huu," akasema Bi Taratibu, akampa wa saba. "Huu nimeukagua kwa macho yangu mawili."

Mkwe akasema asante mama. Halafu akaumimina mfuko wote mezani. Akageuza nepi, akavuta mishono ya kofia, akabonyeza pedi, vidole vyake vikienda mbio kama vikiwa kiwandani. Kwenye sabuni akasimama. Akaisogeza dirishani, akasoma mara mbili. Mama wote walikuwa wakimtazama.

"Mama," akasema. "Hii ina marashi."

"Haiwezekani! Ni ileile ya siku zote."

"Wanaoitengeneza ni walewale. Wamebadilisha. Imeandikwa hapa nyuma."

Bi Taratibu akavaa miwani, akasogeza sabuni mbali, akaisogeza karibu. Kwa herufi ndogo zisizo na haya ilisema: sasa yenye harufu laini ya maua. Na yeye alikuwa ameipitisha mara saba asubuhi hiyo.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamshika mkwe wake mashavu kwa mikono yote miwili, akambusu kwenye paji la uso mbele ya watu. Mkwe ambaye angekunywa chai ya chumvi akasema asante alikuwa amemkosoa hadharani, na Bi Taratibu hakukumbuka lini alifurahi hivyo.

"Sogeza kiti hapa," akamwambia. "Ile mifuko sita, rudisheni sabuni!"

Akamwekea rundo la kadi nyeupe na kalamu. Mkwe akafikiri kidogo, Mzee akikoroma mgongoni, kisha akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: "Kila kilichomo humu tumekikagua sisi wawili. Kikikuwasha, sema." Akasaini. Akaisogeza kadi upande wa mama mkwe wake, naye akasaini chini yake.