Panga la Marehemu Papa

Ghislaine alishuka pikipiki kijijini kwao Mumosho na majibu ya labo, yaani maabara, mfukoni. Yeye ndiye msomi wa nyumba, anafanya kazi chuo kikuu Bukavu. Yeye ndiye anayewahubiria wakulima waunguze panga motoni, kuua vijidudu vya ugonjwa, kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Leo, jamani, aibu ilikuwa yake.

Mama yake, Maman Georgette, alikuwa amesimama katikati ya migomba iliyonyauka, ndizi zimeiva kabla ya wakati na kuozea ndani. Mmoja tu ulibaki kijani, ule wa kwenye kaburi la mumewe.

"Huu mumoja umekatala kufa," mama alisema. "Tutatoa batoto yake, tupande upya."

"Maman, hata huu iko mugonjwa. Lile jani nilibeba juma lililopita, tumeona jeni za ile mikrobe ya kunyausha migomba ndani yake."

"Lakini iko kijani!"

Ghislaine akaeleza kwamba kile kijidudu huingia mgombani na kuzima ulinzi wake. Kuna migomba ya porini, huko mbali, ambayo jeni zake humtambua adui na kumfungia mlango. Ya kwetu haina jeni hizo. Na kila chipukizi hurithi zilezile za mama yake, kwa hiyo aliyeshinda mgomba mmoja ameshinda shamba zima.

"Na nani alileta hii ugonjwa hapa?" mama aliuliza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya kumaliza kilio, Ghislaine alichukua panga la marehemu baba yake, akakata ndizi za kasiksi, pombe ya wageni, shambani kwa jirani yao Déogratias, ambako ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Kisha akaja kusafisha majani ya migomba hapa, akimalizia na ule wa kaburini, kwa panga lilelile. Moto ulikuwa karibu, tena unawaka. Lakini wazee wa ukoo walikuwa wanamtazama, na kwao panga la marehemu haliguswi na moto kabla mwaka haujatimia. Akaona haya kuwakosea.

"Ni mimi, Maman. Nilijua, nikanyamaza." Machozi yakamtoka.

Maman Georgette aliingia jikoni akatoka na panga lile, akalilaza juu ya makaa, mbele ya kaburi, mwaka haujatimia. Lilipopoa alimkabidhi bintiye kwa mikono miwili.

"Tukate yote. Anza na mugomba wa papa yako," alisema. "Mimi sitaweza."