Kahawia Bado

Majirani walimwita Kobe, naye hakukasirika. Mtu anayetumia juma zima kubandika nati za plastiki kwenye kifaru cha vita kinachoenea kiganjani ataitwaje, Duma? Zamani alikuwa mwandika mabango. Alistaafu, mkewe akafariki, na chumba cha mbele kikajaa vifaru vidogo vya vita vya kale, kila kimoja na mabaka yake ya kujifichia porini, sahihi kama yalivyokuwa mwaka wake. Vifaru vilikuwa tele. Wa kuvitazama hakuwepo, na upweke ulimuuma.

Ndipo akaja Dereva. Mzee huyo aliendesha kifaru cha kweli ujanani, akataka atengenezewe kile kile chake.

"Mabaka tuliyapaka wenyewe kwa fagio," alisema. "Brashi zilituishia. Kwa hiyo usiniletee kingo zilizonyooka kama bango la duka!"

Kobe alicheka mpaka akajishangaa.

Tangu hapo Dereva alikuja kila Jumamosi. Alivuta kiti kile kile, akakipokea kifaru, akapitisha dole gumba taratibu juu ya mabaka, toka kwenye minyororo hadi kichwa cha mzinga.

"Kahawia bado, fundi. Hapa imekula kijani."

Basi Kobe alichanganya rangi upya, chai ikamiminwa, na Dereva akasimulia walivyolala chini ya kifaru mvua ikinyesha, na mpiga mzinga wao aliyekoroma kuishinda injini.

Ukweli ni kwamba kahawia ilishapatikana zamani. Kobe alikuwa na kipande cha bati la kifaru cha aina hiyo, rangi yake ya vita bado ipo, na alishalinganisha. Lakini kifaru kikiisha, mgeni naye ameisha. Kwa hiyo kila Ijumaa alidondosha tone nene la kahawia pasipotakiwa, ili Jumamosi pawe na la kusema. Mtu mzima na mvi zake! Nao wahenga walishasema, njia ya mwongo ni fupi.

Jumamosi moja akaja mwanamke asiyemjua.

"Shikamoo. Mimi ni binti wa Dereva. Baba anahamia kwangu, mbali, tunaondoka kesho asubuhi. Anaomba umalizie kifaru, nitakipitia jioni."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Amesema kuja kuaga hawezi."

Hawezi! Lilimchoma neno hilo. Kumbe muda wote huo mzee alifuata kifaru tu, si mtu. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali damu ikichemka? Kobe alisugua kila tone kwa msasa laini, akayarudisha mabaka mahali pake, akafifisha kingo kama zilivyoachwa na fagio, akapuliza vanishi isiyong'aa. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile. Jioni alimkabidhi binti, na salamu hakutuma.

Siku ya pili yake simu ililia.

"Asante fundi, tumefika salama," alisema binti. "Baba amekipapasa kifaru chote. Akasema hakuna kosa hata moja. Kisha akageukia ukutani, na chakula hataki."

"Akipapase kwa nini? Si akitazame?"

"Kwani hukujua? Baba haoni rangi, mwaka wa pili huu. Kwake kila kitu ni kivuli."

Kobe aliketi kwenye kiti cha Dereva bila kukusudia. Lilimjia dole gumba lile, lilivyotambaa taratibu mpaka likute tone, na uso wa mzee ulivyochangamka kila lilipolikuta. Mzee alikuwa akitafuta sababu ya kurudi Jumamosi. Walikuwa wakidanganyana, wazee wawili, kila mmoja akihofu mwenzake atachoka kwanza. Na sababu zote yeye amezisugua kwa msasa.

"Mpe simu, mwanangu."

Alisikia simu ikipokezwa.

"Mzee, nimekosea," alisema Kobe. "Kahawia bado."



"Nilijua tu," ilijibu sauti ya Dereva, imekauka. "Sasa utairekebishaje, fundi, na mimi niko huku?"

 Kobe aliishika simu sikioni akimsikiliza mwenzake anavyopumua, na hakuna aliyekata.