Redio Kaseti ya Landrova

Redio za magari alizozijua Gabrieli zilitaka subira. Ukiwasha, vali, zile taa za kioo za ndani, zinapata moto kwanza, sanduku linavuma kama mzinga wa nyuki, ndipo sauti inakuja. Miaka kumi na minne alizifunga katika karakana ya Kurji pale Utemini. Kurji alipohama nchi alimwachia meza na bisibisi.

Leo Isaka, dereva wa ushirika, alileta kitu chembamba kutoka Japani.

"Shikamoo, fundi. Redio na kaseti, humo humo! Ukigusa tu inaimba. Si zile zako zinazojivuta kama bibi harusi."

"Marahaba. Bibi harusi wangu aliimba miaka kumi bila kuugua. Barua yangu iko wapi?"

"Meneja ameshaiandika. Anataka asikie wimbo kwanza."

Wasio na kazi mjini walikuwa wakiandikwa majina ili wapelekwe vijijini kulima. Barua yenye mhuri wa ushirika ingesema Gabrieli ni fundi wao. Jembe hakulidharau, alikua nalo kijijini kwao Nduguti. Ila kule hapakuwa na gari hata moja, na mikono yake ya miaka hamsini na sita ilijua redio za magari tu.

Akaifunga kama Kurji alivyomfundisha: waya mmoja kwenye betri, kisha kasha lenyewe likazwe kwenye bodi ya gari. Katika Landrova ile kuukuu ya ushirika, upande wa betri uliofungwa bodini ulikuwa chanya. Redio za vali hazikujali. Ukigeuza chanya na hasi, ziliimba vilevile. Kwa hiyo hata swali halikumjia.

Isaka akabonyeza. Moshi ukachomoza kwenye tundu la kaseti.

"Zima!" Gabrieli aling'oa waya, akafungua kasha. Ndani hamkuwa na vali ya kubadilisha, ila vidude vidogo kama punje za mtama, vimeungua. Chini ya kasha palikuwa na picha ya betri, hasi yake ikielekea bodini.

"Nimegeuza chanya," alisema.

"Inatengenezeka?"

Gabrieli alirudisha kifuniko cha kasha.

"Mzee wangu, nitasema ilikuja imekufa."

"Meneja si alikuwepo ilipojaribiwa dukani?"

Isaka akainama. "Alikuwepo. Hata kucheza alicheza."

Jumatatu karani wa kata alipita na daftari.

"Kazi?"

Gabrieli aliitazama meza ya Kurji.

"Andika mkulima."