Ndege Iliyokwama Mezani

Siku ya Jumatano mke wangu alikataa kupanda ndege, tiketi ikiwa imeshakatwa.

Tiketi aliituma mkwe wetu. Binti yetu alikuwa na mimba ya kwanza, daktari kamwambia mtoto atakuja ndani ya mwezi, na alichotaka kilikuwa kimoja tu: mama yake awe pale. Kwa basi ni siku nne. Mgongo wa mke wangu hauwezi siku nne za basi. Ameinamia cherehani miaka ishirini na miwili, anashona sare za shule. Basi haliwezekani, ndege haitaki. Safari yenyewe ilibakiza wiki tatu.

"Nimesema siendi," akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Kwa nini?"

"Kamuulize dada."

Dada yake, shemeji yangu huyo, aliwahi kupanda ndege mara moja, miaka sita iliyopita, akarudi mtaalamu. Ndiye aliyemwambia kwamba ndege ikishaiacha ardhi hupiga kishindo chini ya miguu, kama kitu kimeng'oka. Halafu injini zinanyamaza. "Zinanyamaza, mdogo wangu. Unabaki unaning'inia."

Mimi ni fundi wa friji. Shule niliiacha darasa la sita, na sijawahi kupanda ndege hata ile ya bembea. Lakini mashine nazijua. Mashine hailii bila sababu; kila mlio una kazi yake. Nilimtazama mke wangu nikaelewa kitu kimoja. Haogopi kuanguka. Anaogopa mlio asioujua maana.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, mwalimu mstaafu, nikasikia ndege inapaa sebuleni kwake. Nikachungulia. Mzee wa watu amekaa mbele ya kompyuta, kashika mkono wa kuongozea, anarusha ndege. Si mchezo wa kupiga risasi. Ndege yenyewe: swichi, injini, kiwanja, mawingu. Nikamuuliza kama ile ndege inapiga kishindo ikipaa.

"Inapiga," akasema. "Ni magurudumu hayo, yanaingia tumboni. Ngoja usikie."

Nikasikia. Kisha nikasikia injini zinapoa, vilevile kama shemeji alivyosimulia, na ndege haikuanguka popote. Siku ile sikuchukua pesa. Nilichukua toleo lake la zamani la programu ile na mkono wa kuongozea wenye ufa, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Kompyuta tuliyokuwa nayo aliiacha binti yetu alipoolewa. Ilikaa katika chumba cha cherehani, kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha maua. Nikaweka programu, nikajifunza kupaa kwa siku tatu, halafu nikafanya kosa. Nikawaita watazame, mke wangu na shemeji, kabla sijawahi kufika salama hata mara moja.

Kupaa tulipaa. Picha ilikuwa inadunda kama gari kwenye matuta, sauti inakatikakatika, nikasema hiyo ni kompyuta tu, msijali. Tukafika karibu na kiwanja. Majengo yakatokea, barabara zikatokea, na picha ikasimama. Ndege imeinamisha pua juu ya mapaa ya watu, kimya, haiendi mbele wala nyuma.

"Umeona?" shemeji akamgusa mdogo wake begani. "Imekwama hewani."

"Ndege haikwami hewani, shemeji. Ni mashine hii iliyokwama."

"Kwani huko juu wanaendesha kwa nini? Si kwa mashine?"

Mke wangu alishanyanyuka. "Ikikwama hapa mezani, ya huko juu itakuwaje? Baba, niache. Siendi hata kwa kubebwa."

Nilitaka kuzima moto, nikawa nimeumwagia mafuta. Kabla ya siku ile alikuwa anaogopa kishindo na ukimya. Sasa anaogopa na kukwama. Nikajiambia sitakubali. Binti yangu hatazaa peke yake kwa sababu ya kompyuta mbovu.

Jumatatu nikaibeba mashine begani mpaka kwa Injinia. Huyu ni mwanamke mmoja mwembamba mwenye kibanda cha kompyuta zilizotumika, vipuri mpaka darini, na mdomo mkali kuliko bisibisi zake.

"Mzee wa mafriji! Leo umeniletea jokofu la mezani?"

"Nimekuletea mgonjwa. Nataka irushe ndege bila kukwama. Na sina hela ya kuchezea."

Akaichomeka, akaitazama kwenye kioo chake. "Memori ni kibao kimoja tu. Weka cha pili kinachofanana nacho. Kadi ya picha ni ya babu yangu, hii itakuua. Ninayo moja iliyotumika, nzuri, na pawa saplai yako, hiki kisanduku cha umeme, itaibeba. Lakini kabla hujanunua chochote, niambie. Umewahi kuifungua ukaisafisha?"

"Injinia, mimi ni fundi."

"Sikuuliza wewe nani. Nimeuliza umeisafisha?"

"Nimeisafisha."

Nilikuwa nimeipangusa nje kwa kitambaa. Lakini mtu wa umri wangu kuulizwa kama anasafisha mashine, tena mbele ya wateja wengine wawili! Nikasema ndiyo, nikalipa. Ili nilipe niliuza friji ndogo niliyokuwa nimeifufua kutoka jalalani, ambayo pesa zake nilipanga zinunue mtungi mpya wa gesi ya mafriji. Mtungi ungesubiri.

Nikachomeka memori. Nikachomeka kadi mwenyewe, kwa kupenyeza mkono tu, bila hata kuinamisha kichwa nitazame vizuri. Nikawasha. Jamani! Mawingu yakawa mawingu. Ndege ikaondoka kama siagi kwenye kikaango. Nikapaa, nikazunguka, nikarudi kutua, nikiwa nimeshaanza kumwita mke wangu moyoni. Dakika ya kumi na mbili, karibu na majengo, picha ikaanza kudunda. Ikadunda, ikasimama. Palepale.

Nikajaribu tena. Dakika ya tisa. Tena. Dakika ya sita.

Nilikaa nikaitazama. Dirisha lilikuwa wazi, mke wangu nyuma yangu anakanyaga pedali. Siku kumi na moja zimebaki. Kumi na mbili, tisa, sita: hesabu hizo nimeshazisikia mahali. Kuna friji ambayo asubuhi inagandisha vizuri, adhuhuri inashindwa, na jioni ukiizima ipumzike inagandisha tena. Fundi mjinga anaongeza gesi. Fundi wangu aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa anatupiga kofi la kisogo kwa kosa hilo. "Friji ikigoma, ifagie kwanza!" Ukienda nyuma unakuta mabomba yamevaa blanketi la vumbi, joto halina pa kutokea.

Nikaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta. Ilikuwa na homa.

Nikaifungua, safari hii vizuri, juani, kwenye mlango wa nyuma wa nyumba. Ndani ya feni, katikati ya vile vibati vyembamba vya kupoozea, palikuwa na godoro. Nalivuta kwa koleo linatoka refu kama mkia wa paka. Vumbi la karakana yangu lilikuwemo, lakini zaidi zilikuwa nyuzi. Nyuzi za buluu, za kijivu, za rangi ya maziwa. Sare za shule za miaka minne.

Mke wangu akaja akasimama mlangoni. "Hiyo si sare ya kidato cha kwanza ya mwaka juzi?"

"Ndiyo hiyo."

"Na wewe ulikuwa unasema nini kwa watu? Ifagie kwanza?"

Nikainamia feni.

Nikafagia kwa brashi ya rangi, nikapuliza kwa pampu ya kujazia matairi, huku nimeshika feni kwa kidole isizunguke. Nikang'oa bati la kupoozea. Ile grisi inayokaa kati yake na ubongo wa kompyuta ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya mlango wa zamani. Hiyo sikuwa nayo. Ikabidi nirudi kwa Injinia.

"Nataka grisi ya joto."

"Ya nini? Si uliisafisha?"

"Nilikudanganya."

Akacheka mpaka akashika meza. "Kadi yangu umeipeleka kwenye tanuri! Mzee mzima, tena wa mafriji!" Akanipa kitubu kidogo, bei ya kitu cha bure. "Paka kidogo, kama punje ya dengu. Si wewe kupaka kama gundi ya viatu. Na uniletee habari."

Nilipaka kama punje ya dengu. Nikaihamisha kompyuta kutoka kona ya cherehani nikaiweka juu ya kreti, mbali na ukuta, ipumue. Nikarusha ndege saa nzima. Haikudunda. Nikaweka kiganja ubavuni: baridi kama mgongo wa mjusi. Kisha nikaanza kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kuita watu. Nikajifunza kutua. Nilivunja ndege ishirini na saba. Ya ishirini na nane ilisimama katikati ya mstari.

Jambo la mwisho lilikuwa sauti. Nikatoa spika kubwa kwenye redio mbovu, nikaifunga kwa waya chini ya kiti cha mbao. Shemeji alisema kishindo kinatoka chini ya miguu. Basi kitoke huko.

Jumatano asubuhi nikamwambia, "Mama, kaa hapa. Mara moja tu. Ikikwama nitampigia mkwe mwenyewe nimwambie hutakwenda."

"Utampigia kweli?"

"Kweli."

Alikuja na shemeji, bila shaka. Akakaa kwenye kile kiti cha mbao, akanyoosha gauni. Kadi yangu inachora jua likichomoza juu ya kiwanja, kila jani mahali pake. Akageuza kiti, akaipa kompyuta mgongo, akafumba macho.

"Unafanya nini?"

"Siku ile nitafumba macho. Kwa hiyo picha zako za nini? Nataka kusikia."

Friji yangu nzima imekwenda kwenye picha zile. Nikasukuma mkono wa kuongozea, nikazipa injini moto.

"Hizi ni injini. Zitapiga kelele sana. Tunakimbia. Tunanyanyuka sasa hivi. Subiri. Subiri..."

Kishindo kikapiga chini ya kiti. Shemeji akaruka. Mke wangu akashika kingo za kiti kwa mikono miwili, vidole vikabadilika rangi, lakini hakunyanyuka.

"Magurudumu," nikasema. "Yameingia ndani. Huyahitaji hewani."

"Na sasa itanyamaza."

"Sasa hivi."

Injini zikashuka. Chumba kikawa kimya kidogo. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kipaji cha uso kina mikunjo. Nikatamani nimweleze, nikajizuia.

"Rubani hajazima," akasema polepole, kana kwamba anaongea na kitambaa. "Ameachia pedali. Kama mimi nikimaliza mshono mrefu nikafika kwenye pindo."

"Ndiyo hivyo."

"Mbona dada hukusema hivyo?"

"Mimi najua kushona?" shemeji akafoka.

Tukaenda mpaka mwisho. Mlio mwembamba wa mabawa yanapotanuka, magurudumu yanapotoka tena, ule mngurumo mkubwa wa breki baada ya kugusa chini. Kila mlio alitaka kujua unafanya kazi gani, na nisipojua nilisema sijui, nikaenda kumuuliza mwalimu mstaafu. Haikukwama. Siku zilizobaki tuliifanya safari hiyo kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani. Siku ya nne alikuwa ananitangulia. "Magurudumu. Ameachia pedali. Bawa." Siku ya sita nilichelewa kuyaingiza magurudumu akaniuliza nimelala?

Kufungasha alifungasha mwenyewe. Mimi sikuulizwa. Asubuhi ya safari nilimsindikiza mpaka pale wanapozuia wasio na tiketi, shemeji akiwa analia kama tunamzika mtu. Mke wangu alimpa leso. Kisha akaniambia, "Hiyo mashine ifunike. Nyuzi," akaingia, hakugeuka nyuma.

Nilirudi nikaifunika. Nikakaa karakana na simu mbele yangu, friji ya mtu imefunguka matumbo na sikuigusa. Saa kumi jioni ukaingia ujumbe wa sauti yake. Nyuma yake watu wanasukuma mizigo, na binti yangu anacheka mahali karibu.

"Baba, nimefika. Kishindo kimekuja palepale. Jirani yangu wa kiti, bwana mkubwa na tai yake, kanishika mkono! Nikamwambia tulia baba, ni magurudumu hayo. Injini zilipopoa akafumba macho, nikamwambia ameachia pedali tu. Akaniuliza kama mimi ni rubani." Akacheka. Kisha sauti ikawa ile ya nyumbani. "Ila wewe na kompyuta yako, mbona hamkusema kuwa masikio yataziba? Mpaka sasa binti yako nambwatukia kama kiziwi."

Hilo kweli sikulijua. Nikamjibu ameze mate, kisha nikachukua brashi, nikaanza na friji ya mteja. Upande wa nyuma kwanza.